Je, kumpenda bila masharti ni lazima nimdhamini tena?

Bwana Yesu asifiwe dada yangu, na ndaga fijo (asante sana) kwa kuniandikia kwa uwazi namna ile. Umeruhusu nijibu hadharani, nashukuru, maana mi ni mchungaji wa kanisa la Moravian na kazi yangu kubwa ni kukaa na familia zenye migogoro, na hili swali lako nakutana nalo mara nyingi mno, linabadilisha sura tu. Vitu vya kukutambulisha nimeviondoa.

Kwa wasomaji wengine kisa kiko hivi. Dada ni fundi cherehani, yuko Uyole, Mbeya, ana watoto wawili, ni mwanakikundi wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Mdogo wake wa kiume naye alikuwa kikundi hicho hicho, akachukua mkopo wa milioni moja na laki nane ili anunue viazi apeleke Dar, na dada ndo alisaini kama mdhamini. Hela ikaisha, bwana mdogo akazima simu akapotelea Tunduma, kikundi kikaja kikabeba cherehani na friji, deni lililobaki dada akalilipa peke yake kidogo kidogo mpaka likaisha. Sasa mdogo mtu karudi, yuko kwa mama Tukuyu, amekonda, hajaomba msamaha, ukimuuliza anasema "yale yalishapita dada", na anataka vitu viwili: akakae kwa dada, na dada amsainie udhamini apate bodaboda ya mkataba. Mama anasema wewe si umeokoka, mpende mdogo wako bila masharti kama Kristo alivyotupenda. Mzee mmoja wa kanisa naye kasema vile vile. Dada anauliza, nikikataa ndo nimeshindwa upendo wa Kikristo? Na kwa kuwa kila akimwona moyo unakuwa mgumu, ameacha hata kushiriki Meza ya Bwana, anajiuliza kama wokovu bado upo.

Nikupe jibu mapema usije ukasoma yote haya ukiwa na presha: usimdhamini, na mpende. Yote mawili kwa wakati mmoja. Na nikuambie ukweli, la pili ndo gumu, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Tuanzie pale mama alipoanzia kwa sababu mama hajakosea alipoanzia. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Tungali, yaani hatujatubu, hatujaomba radhi, hatujarudisha chochote. Mungu hakusubiri tuwe sawa ndo aanze kututakia mema. Kwa hiyo huwezi kumwambia mdogo wako nitakupenda ukishanirudishia cherehani yangu, hapo Mkristo hana pa kutokea, na mtu akikuambia eti kwanza atubu ndo umpende huyo anakupa njia rahisi ambayo haimo kwenye Biblia. Pendo lenyewe halina sharti. Lakini sasa watu wetu wanafanya kosa moja, wanachukua neno pendo halina masharti wanalivuta mpaka kwenye pesa, kwenye funguo za nyumba, kwenye saini, kwenye kuaminiwa, kana kwamba vyote hivyo ni kitu kimoja, na ukikataa kimoja umekataa vyote.

Soma tena Luka 15, ile habari ya mwana mpotevu ambayo naamini mama yako ndo anayo kichwani, lakini isome taratibu. Kijana yuko nchi ya mbali anatapanya mali, je baba alimtumia hela ya kuongezea kule? Hapana. Njaa ilipoingia akaanza kulisha nguruwe, baba hakutuma mtu kumfuata. Alikuwa anampenda muda wote huo, maana alipokuwa angali mbali baba alimwona, akamhurumia, akaenda mbio, na kijana hajamaliza hata maneno aliyoyaandaa. Akapewa vazi, pete, viatu, ndama akachinjwa. Hakuulizwa hesabu. Hapo hakuna sharti kabisa. Ila angalia mstari wa 31 ambao wahubiri wengi tunaupita haraka, baba anamwambia yule mkubwa "vyote nilivyo navyo ni vyako". Mali ilikuwa imeshagawanywa tangu mstari wa 12, na baba hakuichukua sehemu ya mkubwa akaigawa upya ili mdogo apate mtaji wa pili. Kijana kapata nyumba, kapata chakula, kapata heshima ya mwana, mtaji wa pili Biblia haiutaji.

Na siyo hapo tu. Marko 10:21, yule tajiri aliyemkimbilia Yesu, imeandikwa kabisa kwamba Yesu alimkazia macho, akampenda, halafu akamwambia neno gumu, jamaa akaondoka amehuzunika, na Yesu akamwacha aende. Hakumkimbilia nyuma kumpunguzia. Yohana 2:24 inasema Yesu hakujiaminisha kwao kwa kuwa aliwajua wote. Hao hao aliokuja kufa kwa ajili yao hakujiaminisha kwao. Ukimwelewa Yesu hapo nusu ya mzigo wako unashuka.

Mfano ninaoutumia sana ofisini ni Daudi na Sauli. Mfalme Sauli anamwinda Daudi amwue, Daudi anampata amelala, anaondoka na mkuki wake na gudulia la maji, hamgusi. Huo ni msamaha wa vitendo kabisa, mtu anayetaka roho yako umemshika mkononi ukamwacha. Sauli anasema nimekosa, rudi mwanangu Daudi, sitakudhuru tena. Na Daudi hakurudi. Soma 1 Samweli 26 mpaka mwisho, Daudi akaenda zake, Sauli akarudi mahali pake, na mkuki wake karudishiwa. Ukifungua sura ya 27 unakuta Daudi anasema moyoni mwake siku moja huyu ataniua, akahamia kwa Wafilisti. Hakuna mahali Mungu alimkemea Daudi kwa kutomwamini Sauli. Alimsamehe kabisa na hakumrudishia imani, na yote mawili yakakaa ndani ya mtu mmoja aliyeupendeza moyo wa Mungu.

Sasa najua kuna mtu atasema mchungaji mbona Yuda alishika mfuko wa hela, na Yohana 12:6 inasema alikuwa mwizi, na Yesu alijua, mbona hakumnyang'anya. Swali zuri sana, sitalikwepa. Ni kweli Yesu alimwachia mfuko, akamwosha na miguu pia, na kwangu hilo ndo jambo linalonitetemesha kuliko mengi katika injili. Lakini aliyekuwa anaibiwa pale aliamua mwenyewe kuibiwa, na uhai wake aliutoa kwa hiari, anasema hakuna aniondoleaye. Wewe ukitaka kumwachia mdogo wako kitu chako wewe mwenyewe, ukijua hakitarudi, na umeridhika, sikuzuii, hiyo inaweza kuwa sadaka kubwa. Ila ukisaini udhamini unatoa ada ya watoto wako, unatoa chakula chao, unatoa kitu ambacho hao watoto hawajaulizwa. Huwezi kuwa mkarimu kwa kutumia mfuko wa mtoto wa darasa la nne.

Na Biblia kuhusu udhamini haina maneno laini. Mithali 6 mwanzoni kabisa inasema ukiwa umejifunga kwa deni la mwenzako nenda ukajiokoe usiku huo huo usilale. Mithali 22:27 inauliza kama huna cha kulipa kwa nini aje akuondolee kitanda chako chini yako. Dada, wewe hiyo aya huihitaji kufafanuliwa, kwako kilichobebwa kilikuwa cherehani. Unajua mwenyewe kikundi kinavyokwenda, watu wanaweka hisa kila wiki, mkopo vikundi vingi unafika mpaka mara tatu ya hisa zako, ile hela ni ya mama muuza nyanya na ya mjane fulani, akikimbia mkopaji hao ndo wanaumia kama mdhamini hayupo. Kwa hiyo waliokuja kubeba friji yako wala usiwachukie, walikuwa wanalinda jasho la watu. Na bodaboda ya mkataba ni vile vile, tajiri wa pikipiki anataka marejesho yake ya wiki, siku isipoingia anamtafuta mdhamini, hajui habari za undugu wenu.

Basi hilo la kwanza nimemaliza. Ukikataa kusaini hujamnyima pendo.

Lakini naomba sasa usikimbie nayo hiyo ukajifungia ndani, kwa sababu nimeona watu wengi hapa kwetu wakishajua wana haki ya kukataa wanageuza hiyo haki kuwa mahali pa kuficha chuki. Anasema nimemsamehe ila sitaki kumwona. Anasema namwombea ila nikisikia kaumwa moyo wangu unacheka. 1 Yohana 4:20 iko pale pale, mtu akisema nampenda Mungu na anamchukia ndugu yake ni mwongo, na haijasema isipokuwa ndugu aliyekula hela yako.

Ulinieleza kwamba ukimwona moyo unakuwa mgumu. Mi nadhani unachanganya maumivu na chuki. Kidonda kikiguswa kinauma, hata kama umeshamsamehe aliyekukata. Chuki ina alama nyingine, inamtakia mtu mabaya. Kwa hiyo jipime hivi, ukae peke yako ujiulize kweli kweli: nikisikia kesho mdogo wangu kapata kazi nzuri, kaoa, kajenga, anaheshimika Tukuyu nzima, na mimi hajanirudishia hata shilingi, nitafurahi? Kama jibu ni ndiyo hata kwa shida, hata kwa machozi, pendo lipo. Kama jibu ni hapana, nataka aanguke kwanza ndo roho yangu itulie, hapo kuna kazi, na hiyo kazi ni yako na Mungu, wala haihusiani na mdogo wako kutubu au kutotubu.

Na hapo nakurudisha kidogo Luka 15 kwa yule kaka mkubwa. Yeye alikuwa na hoja, kafanya kazi miaka yote, hajavunja amri, kasimama nje kwa hasira. Watu wanamhubiri kama mtu mbaya tu, mi huwa naona huruma. Ila kilichoandikwa mstari wa 28 ni kwamba baba alitoka nje akamsihi. Yaani baba katoka nyumbani mara mbili siku ile, mara ya kwanza kwa aliyetapanya na mara ya pili kwa aliyeumizwa. Na wewe ndo huyo wa pili dada yangu, ambaye kila mtu anakuhubiria umpende mdogo wako na hakuna aliyekaa akakuuliza ulikula nini miezi ile unalipa deni lisilo lako. Mungu kauliza. Anakupenda wewe nawe bila masharti, hata ukiwa umesimama nje umenuna, na nguvu ya kumpenda mdogo wako haitatoka mahali pengine isipokuwa hapo. "Sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda sisi kwanza." Usianze kukamua moyo mkavu, anza kwa kukaa mahali unapopendwa.

Sasa kwenye vitendo, maana uliniuliza nifanye nini na siyo nijisikie nini, na ni vizuri, kwa sababu Paulo kwenye Warumi 12:20 hakusema umpende adui yako mpaka upate hisia, alisema akiwa na njaa mlishe, akiwa na kiu mnyweshe. Mkono ukitangulia moyo unafuata nyuma, taratibu, mi nimeuona huo mwendo kwa watu wengi sana.

Kitu cha kwanza mwombee kwa jina na kwa vitu maalum. Usiombe "Bwana mguse", omba apone hicho kikohozi unachosema anacho, omba apate kazi, omba apate rafiki mmoja mwenye akili. Ni vigumu sana kuendelea kumtakia mabaya mtu unayemwombea afya kila jioni.

Kingine, nenda Tukuyu ukaongee naye. Mathayo 18:15 inasema ndugu yako akikukosea enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Wewe hujafanya hivyo, na wengi hawafanyi, wanamwambia mama, wanamwambia shangazi, wanaweka status kwenye simu, mwenyewe aliyekosa haambiwi usoni. Mwambie yote kwa utulivu: ulipozima simu nilipitia hivi, walikuja siku fulani wakabeba hiki, watoto walikaa hivi. Hilo la "yalishapita" usilikubali, kwa sababu limempita yeye, kwako halijapita, na kumwacha aendelee kuamini uongo ni kumnyima pendo. 1 Wakorintho 13 inasema upendo hufurahi pamoja na kweli. Usipige kelele, usimtukane, usiite mashahidi. Ukimaliza nyamaza umsikilize na yeye, huenda kuna mambo ya Tunduma hujawahi kuyajua.

Halafu ile milioni moja na laki nane uitolee uamuzi, usiiache katikati. Nimeona familia zinakaa miaka na deni ambalo halijadaiwa wala halijasamehewa, kila sikukuu linakaa mezani. Ama umwambie nimekusamehe, sidai tena, na ukisema hivyo basi ni kweli hudai, hata siku ya ugomvi hulitaji. Ama umwambie nataka unirudishie, hata elfu kumi kwa mwezi, na hiyo nayo ni pendo, inamfanya awe mtu mzima. Yote mawili ni ya Kikristo, chagua. Kumbuka tu kwamba msamaha siku zote una mtu anayelipa. Paulo alipomwombea Onesimo, mtumwa, kwa bwana wake Filemoni alisema kama anadaiwa kitu uandike kwangu, mimi nitalipa, hakusema deni halipo. Kwako wewe ulishalipa, kwa sindano na uzi, usiku. Ulichokifanya kwa kulazimishwa unaweza leo kukitoa kwa hiari, na hapo kinabadilika kabisa mbele za Mungu.

(Na usiseme basi Paulo alikuwa mdhamini na mimi niwe. Paulo alikuwa anabeba deni la nyuma, hakuwa anasainia mkopo mpya, na pia alishakaa na Onesimo gerezani akamwona amebadilika, anasema zamani hakukufaa ila sasa anafaa sana. Ukija kukaa na mdogo wako mwaka mzima ukaona naye anafaa sana, siku hiyo tutaongea upya habari za kusaini.)

Kuhusu kazi. Waefeso 4:28 inasema mwibaji asiibe tena bali afanye kazi kwa mikono yake, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji. Hapo ndo pa kumsaidia kwa nguvu zote. Wewe uko Uyole, unawajua watu wa viazi, muunganishe akapakie magunia, kazi ya leo anayolipwa leo. Rungwe kwenyewe kuna chai, kuna parachichi, vibarua havikosekani. Mpe nauli ya siku ya kwanza, mpe buti, mpe chakula cha kubeba, hayo ni mapenzi yenye mikono. Kuna mzee mmoja wa upande wa Mafinga niliyewahi kukaa naye, kijana wake alikuwa anakula kila hela ya mbao anayopewa, mzee akaacha kabisa kumpa fedha ila akamwambia sahani yako iko mezani kila siku, ukija utakula na mimi, usipokuja itakungoja. Kijana alikaa muda mrefu sana anakasirika. Lakini alikuwa anakuja kula, na walipokuwa wanakula walikuwa wanaongea, na mengine yote yalianzia hapo.

Kukaa kwako mi nasema bado. Una watoto, una vyumba viwili, na hujui kwa sasa anakunywa au hanywi. Mwalike chakula cha Jumapili baada ya ibada, aje kila wiki, watoto wamjue mjomba wao. Kama baadaye mtaona anaweza kukaa kwa muda, basi mkubaliane kabla hajaleta begi: analipia nini, anarudi saa ngapi, anakaa mpaka lini. Kuna watu wanasikia hivyo wanasema hayo ni masharti, pendo liko wapi. Hapo niwakumbushe Wamoravian wenzangu historia yetu. Tunapenda kuhadithia tarehe 13 Agosti 1727, Roho alivyowashukia ndugu wa Herrnhut kwenye Meza ya Bwana pale kanisa la Berthelsdorf, Ujerumani, wakapatana. Tunaruka mwezi wa tano. Wale walikuwa wakimbizi wa imani, walianza kujenga kwenye shamba la bwana mmoja wa Kijerumani, Zinzendorf, mwaka 1722, na walifika mahali wanagombana vibaya, kila mmoja na fundisho lake. Zinzendorf akapita nyumba kwa nyumba akiongea nao, na tarehe 12 Mei 1727 wakasaini makubaliano ya namna watakavyoishi pamoja kama ndugu. Makubaliano Mei, mioyo kuyeyuka Agosti. Miaka mitano baadaye, 1732, wakatuma wamisionari wa kwanza kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani, na kazi hiyo hiyo ndo iliyofika Rungwe mwaka 1891 na kutupata sisi. Kuandikiana utaratibu hakukuua upendo wao.

Ungeniuliza kama utaratibu huu unamzuia mtu kubadilika ningekujibu kwa Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi chochote, kawa mgeni wake, watu wananung'unika, na ndipo yeye mwenyewe bila kudaiwa akasimama akasema nikiwa nimenyang'anya mtu kitu namrudishia mara nne. Pendo lilitangulia na toba ikagusa mfuko. Kwa hiyo kula naye, na umruhusu Mungu afanye sehemu yake.

Nitoke nje ya swali lako kidogo kwa sababu najua wanaosoma ni wengi. Kuna wanawake wanapigwa na waume zao na wanaambiwa na watu wa kanisani vumilia, upendo huvumilia yote. Hapana. Aya iliyo kabla yake inasema upendo haufurahii udhalimu. Mama unayepigwa ondoka uende mahali salama, nenda dawati la jinsia polisi, waambie ustawi wa jamii, na msamaha utaushughulikia ukiwa hai na mbali na ngumi. Anayekuambia kurudi ndo Ukristo hajakusaidia.

Turudi kwa mama yako. Usibishane naye kwa aya, mama ni mama, na ukimsikiliza vizuri kinachomsumbua ni kwamba anazeeka na anaogopa kufa akiacha watoto wake hawaongei. Mwambie hivyo, kwamba mama nimekuelewa, na mimi nitaongea naye, nitakula naye, sitamtupa, ila kusaini sitasaini. Mwambie wewe mwenyewe, umpigie magoti kama kawaida yetu, kwa heshima yote, na usiombe radhi kwa hilo la kukataa. Kama itakuwa ngumu mwite mjomba au baba mdogo mwenye busara mkae kikao cha familia, ila kikao kije baada ya wewe kuongea na mdogo wako peke yenu. Mzee wa kanisa mwache, mi naamini alisema kwa nia njema bila kujua habari ya cherehani.

La mwisho ni Meza ya Bwana, na hili limeniuma kuliko yote uliyoandika. Umejizuia kwa sababu ya Mathayo 5:23, iache sadaka yako ukapatane na ndugu yako. Soma vizuri, inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, yaani wewe ndo umemkosea, nenda kamtafute. Hapa aliyekosewa ni wewe. Na hata ingekuwa vinginevyo, 1 Wakorintho 11:28 inasema mtu ajihoji mwenyewe na hivyo aule mkate, haikusema ajihoji halafu akae nyumbani. Pale mezani hawaitwi waliomaliza kupenda. Yesu alisema mkono wa anayenisaliti upo pamoja nami mezani, na Petro aliyekuwa karibu kumkana naye alikuwepo, wote wakapewa. Unajinyima chakula wakati ndo una njaa kuliko siku zote. Kaongee na mchungaji wako wiki hii, mweleze ulivyoniambia mimi, na ushirika ujao uende, hata kama moyo bado unauma, hata kama safari ya Tukuyu hujaifanya bado.

Ukishaongea na mdogo wako niandikie alijibu nini hasa pale ulipomtajia ile hela, maneno yake mwenyewe, maana hili la kuja kukaa kwako baadaye au kutokuja tutaliangalia kuanzia hapo.